Bima ya nyumba Kuze: Kwa nini ada nafuu yaweza kuwa ghali

MWENYE nyumba katika mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa, anapoomba makadirio ya bima kutoka kwa kampuni tatu, aghalabu hupokea karatasi tatu zenye tarakimu tatu tofauti. Jicho lake hukimbilia ile iliyo ndogo kuliko zote, na huko ndiko hasara inakoanzia.

Tofauti ya ada mara nyingi haitokani na ukarimu wa kampuni moja na uchoyo wa nyingine. Hutokana na ukweli kwamba kampuni hizo zinauza vitu tofauti vyenye jina moja. Ya kwanza imehesabu nyumba kwa thamani ndogo, ya pili imeondoa baadhi ya majanga, na ya tatu imemtwika mwenye nyumba sehemu kubwa ya hasara. Asiyejua kuzisawazisha karatasi hizo atalinganisha embe na nazi, na ukweli ataujua siku nyumba itakapoungua.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzisoma karatasi hizo, hasa kwa nyumba za mawe za Mji wa Kale, ambazo haziwezi kupimwa kwa kipimo cha nyumba mpya za Nyali au Bamburi.

Bima ya moto ya nyumba ina historia ndefu. Kampuni za kwanza za aina hiyo zilizuka London katika karne ya 17, baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666 kuteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Nchini Kenya, biashara hii huongozwa na Sheria ya Bima, Sura ya 487, na kusimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA). Wananchi wengi wanaijua bima ya gari kwa sababu sheria inailazimisha. Ya nyumba ni ya hiari, isipokuwa pale benki iliyotoa mkopo inapoidai, na ndiyo maana wengi huikumbuka moto ukishawaka.

Kila pwani na balaa lake

Wapo wakazi wa Mji wa Kale wenye jamaa walioko Boston au Halifax, miji ya pwani yenye baridi kali. Huko mwenye nyumba huulizwa na kampuni ya bima kuhusu mitambo ya kupasha joto, kwa kuwa maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua, nayo theluji huelemea paa. Nchini Marekani, bima ya kawaida ya nyumba kwa kawaida haigusi mafuriko. Hayo hukatiwa bima ya peke yake, na serikali ya nchi hiyo imekuwa na mpango wa kazi hiyo tangu mwaka 1968.

Jamaa huyo akimshauri nduguye wa Kuze kwa kutumia maswali ya huko, atampoteza. Kuze hakuna theluji. Kuna mvua ya masika na ya vuli, hewa ya chumvi itokayo baharini, nyaya za umeme zilizozeeka, na nyumba zilizobanana kiasi kwamba majirani wawili huweza kutegemea ukuta mmoja. Vichochoro vya Mji wa Kale vilitengenezwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu. Gari la zimamoto haliwezi kufika kwenye kila mlango.

Nyumba zenyewe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu za juu za nyingi kati yake hushikiliwa na boriti za mikoko. Ukuta wa aina hii hudumu karne na karne iwapo utapigwa lipu na kukingwa na maji. Paa likivuja na maji yakaingia ndani ya ukuta, chokaa hulegea na ncha za boriti huoza polepole bila mtu kuona.

Hapa ndipo penye fumbo kubwa la bima ya nyumba kongwe. Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba maarufu la Beit al-Ajaib, lililojengwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Kisa hicho kiliwakumbusha wenye nyumba kongwe katika pwani yote kwamba jengo laweza kuanguka pasipo moto wala dhoruba. Bima hulipa ajali, yaani jambo la ghafla lisilotarajiwa. Kuchakaa, kuoza, unyevu unaopanda ukutani na nyufa za miaka mingi si ajali, na karibu kila hati ya bima ya nyumba huyaondoa mambo hayo waziwazi.

Kwa hivyo, mwenye nyumba asidhani kwamba ada ya bima ni badala ya fundi. Paa linalovuja ni la kutengenezwa kwanza, kwani mkadiriaji wa hasara akikuta uozo wa zamani, atadai kwamba mvua iliyobomoa ukuta ilimalizia tu kazi iliyoanzwa na uzembe.

Thamani ya kujenga, si ya kuuza

Jambo la kwanza la kutazama katika kila makadirio ni thamani iliyokatiwa bima. Wengi huandika bei ambayo wangeiuza nyumba yao. Hilo si sahihi. Bei ya kuuza hujumuisha ardhi, na ardhi haiungui. Thamani inayotakiwa ni gharama ya kuijenga upya nyumba hiyo, pamoja na kuondoa kifusi na kuwalipa wasanifu na wakadiriaji wa ujenzi.

Katika Mji wa Kale, gharama hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko mtu anavyodhani. Mtaa huu umo katika eneo la hifadhi linalosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, karibu na Fort Jesus, ngome iliyotiwa kwenye orodha ya Turathi ya Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mwenye nyumba hawezi kubomoa na kusimamisha ghorofa la saruji na vioo apendavyo. Sura ya nyumba, roshani za mbao, milango ya nakshi na hata madirisha hutazamwa kabla ya kibali kutolewa. Mafundi wanaojua kazi ya chokaa na nakshi ni wachache kuliko waashi wa matofali, nao hulipwa kwa ujuzi wao.

Kampuni inayokadiria nyumba ya Kuze kwa gharama ya nyumba ya matofali itatoa ada ya kuvutia. Lakini imekadiria nyumba nyingine.

Adhabu ya kukadiria chini huitwa kanuni ya uwiano. Kanuni hii husema kwamba mtu aliyekatia bima nusu ya thamani ya nyumba yake amejikubalia kubeba mwenyewe nusu ya kila hasara, hata ikiwa hasara hiyo ni ndogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ingegharimu Sh8 milioni kujengwa upya. Kampuni ya kwanza inatoza ada ya Sh8,000, ya pili Sh16,000, na ya tatu Sh12,000. Kwa haraka, ya kwanza yaonekana kuwa nafuu mara mbili kuliko ya pili.

Ukitazama chini ya karatasi, utakuta kwamba ya kwanza imeikatia nyumba bima ya Sh4 milioni, ilhali zile nyingine mbili zimeandika Sh8 milioni. Sasa gawanya ada kwa thamani. Kampuni ya kwanza inatoza Sh2 kwa kila Sh1,000 za bima, na ya pili inatoza Sh2 vilevile. Hakuna unafuu wowote pale. Kilichopungua ni kinga.

Moto ukizuka jikoni na kusababisha hasara ya Sh2 milioni, kampuni ya kwanza italipa Sh1 milioni pekee, kwa kuwa nyumba ilikatiwa nusu ya thamani yake. Mwenye nyumba atakuwa ameokoa Sh8,000 za ada na kupoteza Sh1 milioni.

Na ile ya tatu? Inatoza Sh1.50 kwa kila Sh1,000, na huo ni unafuu wa kweli kwenye hesabu. Swali ni kimeondolewa nini ili bei ishuke kiasi hicho. Jibu huwa katika sehemu mbili za hati ambazo watu hawazisomi: sehemu ya hasara inayobebwa na mwenye nyumba, na orodha ya yale ambayo bima haigusi.

Sehemu unayoibeba mwenyewe

Kila hati huwa na kiasi ambacho mwenye bima hukibeba kabla kampuni haijatoa senti. Watu wa bima hukiita eksesi. Yaweza kuwa kiasi maalumu, mathalani Sh20,000, au asilimia ya hasara yenyewe.

Tofauti hii ni kubwa. Tuseme kampuni ya pili katika mfano wetu imeweka eksesi ya Sh20,000, na ya tatu imeweka asilimia 10 ya kila hasara. Katika moto ule wa Sh2 milioni, mteja wa kampuni ya pili atatoa Sh20,000 mfukoni mwake, na wa kampuni ya tatu atatoa Sh200,000. Itamchukua huyu wa mwisho miaka 45 ya kuokoa Sh4,000 za ada kila mwaka ndipo aifidie tofauti hiyo ya Sh180,000.

Uliza pia iwapo eksesi ya mafuriko ni sawa na ya moto. Hizi zaweza kutofautiana katika hati hiyo hiyo moja.

Yaliyomo na yaliyoachwa

Bima ya nyumba nchini kwa kawaida huuzwa kama kifurushi chenye sehemu kadhaa: jengo lenyewe, vyombo vya ndani, vitu vya thamani ambavyo mtu hutembea navyo, fidia ya wafanyakazi wa nyumbani wanaoumia kazini, na dhima kwa watu wengine. Mpangaji asiyemiliki jengo anaweza kuchukua sehemu ya vyombo pekee.

Sehemu ya dhima isidharauliwe katika mtaa wa kuta zinazogusana. Roshani yako ikimwangukia mpita njia, au tangi lako la maji likipasuka na kuharibu dari ya jirani, hapo ndipo sehemu hiyo hufanya kazi.

Majanga yanayotajwa mara nyingi ni moto, radi, mlipuko, dhoruba, mafuriko, tetemeko la ardhi, kupasuka kwa mabomba na matangi, wizi wa kuvunja, ghasia na migomo. Soma orodha ya kila kampuni neno kwa neno. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 ziligeuza barabara kadhaa za Mombasa kuwa mito. Aliyeondoa mafuriko kwenye hati yake ili kupunguza ada alikuwa ameondoa lile janga lililokuja.

Jambo jingine ni machafuko ya kisiasa na ugaidi. Wengi hudhani neno ghasia linatosha. Ghasia za mitaani na machafuko ya kisiasa ni vitu viwili katika lugha ya bima, na hili la pili kwa kawaida huongezwa kwa ada yake pekee. Baada ya yaliyotokea nchini mwaka 2007 na 2008, hakuna mwenye nyumba anayepaswa kutia saini bila kuuliza.

Tatu, uliza kuhusu nyumba kuachwa tupu. Familia nyingi za Mji wa Kale husafiri kwa majuma mengi, kwenda Hija, Oman au kwa jamaa walioko Lamu. Hati nyingi huweka kikomo cha siku ambazo nyumba yaweza kukaa bila mtu, na kikomo hicho kikipita, kinga ya wizi huweza kusitishwa.

Sema kabla ya kuulizwa

Mkataba wa bima husimama juu ya nia njema kamili. Mwenye nyumba hutakiwa kutaja kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni, hata kama fomu haikuuliza. Akificha, kampuni yaweza kukataa kulipa siku ya msiba, na ada yote aliyotoa kwa miaka isimsaidie.

Katika Kuze, mambo ya kutajwa ni haya. Taja kwamba kuta ni za matumbawe na chokaa, na sakafu ni za boriti, kwani fomu nyingi huandikwa zikidhania matofali na zege. Taja kibanda cha makuti kilicho juu ya paa. Taja duka, mkahawa au karakana iliyo chini, na vyumba vinavyokodishwa kwa wageni wa siku chache, kwa sababu bima ya makazi haikuandikwa kwa ajili ya biashara. Taja mitungi ya gesi iliyowekwa kwa ajili ya kuuza.

Kisha kuna suala la umiliki, ambalo ni zito zaidi hapa Mombasa kuliko kwingi. Katika kisiwa hiki ni kawaida mtu kumiliki nyumba ilhali ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Nyumba nyingine zimo katika wakfu. Nyingine zingali katika jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita, na warithi wake ni 20 au zaidi, wengine wakiwa Kuze na wengine Muscat.

Bima hulipwa kwa mtu ambaye angepata hasara ya kweli jengo likiharibika. Mwenye nyumba asiye na ardhi ana haki hiyo juu ya jengo, mradi aliandike jambo hilo. Kwa nyumba ya urithi isiyogawanywa, ni busara warithi wakamilishe taratibu za mirathi, au angalau majina yao yaingizwe kwenye hati, badala ya mmoja wao kujiandikisha kana kwamba ni mali yake peke yake. Vinginevyo, moto utazimwa kwa saa chache na mabishano ya fidia yatawaka kwa miaka.

Wanaotaka takaful

Baadhi ya Waislamu hujiepusha na bima ya kawaida kwa sababu ya shaka ya riba na ya biashara ya jambo lisilojulikana. Njia mbadala ni takaful, ambapo washiriki hutoa michango katika hazina ya pamoja ya kusaidiana, na kampuni huiendesha hazina hiyo kwa malipo yanayojulikana. Fedha huwekezwa katika shughuli zinazokubaliwa na sharia, na ziada yaweza kurudishwa kwa washiriki. Takaful Insurance of Africa, ya kwanza ya aina hiyo nchini, ilianza kazi mwaka 2011.

Msomaji akumbuke kwamba takaful nayo ina thamani iliyokadiriwa, eksesi na orodha ya yaliyoachwa. Isomwe kwa macho yale yale.

Kagua kampuni yenyewe

Ahadi nzuri ya kampuni iliyofilisika haijengi nyumba. United Insurance mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011 na Resolution Insurance mwaka 2022 ziliwekwa chini ya wasimamizi maalumu, na wateja wakabaki wakihangaika. Leseni za kampuni za bima hutolewa upya kila mwaka, na IRA huchapisha majina ya walio nazo. Orodha hiyo itazamwe kabla ya kutoa fedha.

Fahamu pia unazungumza na nani. Wakala wa bima huiwakilisha kampuni. Dalali wa bima humwakilisha mteja, na anaweza kukusanya makadirio ya kampuni kadhaa. Wote wawili wanatakiwa kuwa na leseni.

Juu ya ada ya msingi, tarajia kuona tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ya hazina ya kuwafidia wenye bima asilimia 0.25, na ushuru wa stampu wa Sh40. Kwa ada ya Sh16,000, nyongeza hizo ni Sh112. Anayedai maelfu kwa jina la kodi aulizwe ni kodi gani.

Sheria haiiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Kwa hivyo ahadi ya "utalipa mwisho wa mwezi, lakini umeshakingwa" isitegemewe. Kwa upande wao, kampuni zinatakiwa na sheria hiyo hiyo kulipa dai halali katika muda wa siku 90 tangu liripotiwe, na mteja asiyeridhika anaweza kuwasilisha malalamiko kwa IRA.

Mwenye nyumba anayetaka kulinganisha kwa haki na achukue karatasi moja, aigawe kwa safu, safu moja kwa kila kampuni, na ajaze mistari sita: thamani ya kujenga upya, ada kwa kila Sh1,000, eksesi ya moto na ya mafuriko, majanga yaliyotajwa, yaliyoachwa, na masharti juu ya aina ya jengo na matumizi yake. Aitake kila kampuni ijibu kwa maandishi kwa kutumia thamani ile ile. Mstari wa ada uwe wa mwisho kusomwa.

Na karatasi hiyo isiwekwe kabatini milele. Bei ya boriti, chokaa na ujira wa mafundi hupanda, na nyumba iliyokatiwa bima ya kutosha miaka mitano iliyopita huenda leo imeingia katika kanuni ya uwiano bila mwenyewe kujua. Kila hati inapofikia kuhuishwa, mthamini aulizwe tena nyumba hiyo ingejengwa kwa kiasi gani.